Nani Alichagua Klachi ya Abby

Kwa ukuta wa kibanda cha Mzee Hiram Wanyoike, pale Bondeni, kuna msumari moja haijawahi kubeba kitu. Si kalenda, si koti, si hata karatasi ya mkate. Uko tu hapo juu ya meza ya kazi, umengʼaa kama ulipigiliwa jana, na kila mtu mwenye amewahi kuleta klachi hapo anajua hadithi yake.

Inspekta Chepchirchir ndio alikuwa hajui. Alikuwa amekuja asubuhi kumwambia mzee mambo ya korti, akamkuta ameinama kwa chuma anapiga riviti, zile pini za kushikilia klachi. Mtoto yake anazikwa keshokutwa, nyumbani Free Area wamama wamejaa wanaimba, na yeye ako hapa na nyundo.

"Mzee, pole tena."

"Pole nimesikia, mami. Niambie ya kijana."

"Kamande anapelekwa kortini kesho. Amekubali. Ameandika eti alitoa klachi yako kwa gari ya Abby akaweka ile ya duka, na hakuambia mtu. Si wewe, si Abby."

Mzee Hiram akaweka nyundo chini polepole, kama kitu inaweza vunjika.

"Nilisema. Si nilisema? Hata kabla mwili ifike mochari nilisema ni yeye." Akapangusa mikono na kitambaa chenye kilikuwa kichafu kushinda hiyo mikono. "Huyo nilimtoa kwa mama yake akiwa hajui spana imeshikwa upande gani. Amekula kwangu. Abby alikuwa anamuita bro. Sasa ona."

Mambo yenyewe Inspekta alikuwa anayajua kama jina lake. Jumamosi, Rongai, kwa ile barabara ya ndege ya zamani yenye mzungu aliwacha na shamba, penye vijana wanapanga matairi na kushindana na saa. Abby Wangare, binti wa pekee wa Hiram, Subaru nyeupe yenye Kamande alikuwa anaitengeneza kwa gereji yake. Alikuwa anatoka kona akiwa amekanyaga, kitu ikalipuka chini ya gari. Klachi ilipasuka ikapita kwa sakafu kama risasi, ikamkata mguu pale damu inapita. Gari ikasimama peke yake kwa nyasi. Hospitali walifika na mwili.

"Kitu moja sielewi," Chepchirchir akasema. "Gari ya racing. Ni nani aliamua klachi yake itengenezwe hapa? Si hizo zinanunuliwanga?"

"Alinunua! Chuma ya ajabu, pedali ngumu kama kusukuma ngʼombe. Na Abby goti ya kushoto ilifanyiwa operesheni. Akitoka kwa hiyo gari jioni alikuwa anapanda ngazi ya nyumba na makalio, kama mtoto. Anadhani sioni." Mzee akatazama kando. "Nikamtengenezea ingine. Nikachukua pleti ya kwanza ya hiyo gari nikabandika lining mpya na riviti, ile ngozi laini ya kushikia. Nikarudisha na kava ya kwanza, ile ya kukaza pleti, yenye springi zake haziumizi mtu. Pedali unakanyaga na kidole. Na Kamande akasimama hapo umesimama akaniambia, 'Mzee, hii si ya track.' Mimi! Mwanafunzi ananifundisha!"

"Mkakosana?"

"Hatukukosana. Nilimwambia aangalie huo msumari." Akaonyesha na kidevu. "Nilipigilia siku nilifungua hapa. Nikaambia watu: klachi yangu ikirudi na shida, nitaitundika hapo, kila mteja aione, nibebe aibu yangu. Lori za mahindi, trekta za Rongai, basi za shule. Niulize ngapi imerudi."

"Ngapi?"

"Uliza msumari."

Inspekta akatazama msumari. Msumari ikanyamaza.

"Kama hiyo gari ingekuwa na klachi yangu," Mzee Hiram akasema, "Abby angekuwa hapa saa hii ananipigia kelele nikunywe dawa."

Akarudi kwa kazi. Chepchirchir alipokuwa anatoka alimsikia nyuma yake: nyundo mbili nyepesi, moja nzito. Halafu mzee anabadilisha chombo, anachukua patasi kidogo, na kitu inalia mara moja tu. *Tek.* Akashangaa hiyo ya mwisho ni ya nini, lakini hakurudi kuuliza. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na bahasha ya vipande zenye aliokota mwenyewe kwa nyasi za Rongai. Hakuwa na roho ya kuzimwaga mbele ya baba ya mtoto.

Kuna mtu ingine wa kuzimwagia.

Duka la Akeyo, penye Abby alinunua klachi, liko nyuma ya stage ya matatu, limejaa spea za kutoka Japani mpaka mwenyewe anaingia na upande. Mama mnene, mcheshi, anaweza kukuuzia kioo ya gari hauna.

"Afande! Umekuja kununua ama kushika mtu?"

"Inategemea na vile utanijibu."

"Yawa! Keti basi. Kwa hiyo gearbox, ni safi."

Chepchirchir akakalia gearbox. Akamuuliza mambo ya Abby, na ucheshi wote ukatoka kwa uso wa Akeyo kama maji kwa sinki.

"Huyo mtoto alikuja hapa mara nyingi kabla anunue. Unajua klachi ya track ni kama kuchagua bwana, afande. Kuna yule anashika ngumu, ukimwachilia kidogo tu anakurusha. Kuna yule mpole, nyumbani mtamu, lakini mkifika kwa kona mbaya anateleza. Mimi nilimwambia achukue wa katikati. Pleti ya duara ya kawaida, lakini imetengenezewa moto, na kava ngumu kiasi. Goti yake ingevumilia. Akakataa. Akasema huyo wa katikati hatamaliza naye mwaka. Akataka hii."

Akashusha moja kwa rafu. Haikuwa duara hata. Ilikuwa kama ua la chuma, petali sita nene, kila petali imebeba kipande kigumu rangi ya shaba.

"Miguu sita," Akeyo akasema. "Hii ndio alitoka nayo hapa. Alikuwa ameibeba kama mtoto."

Inspekta akafungua bahasha, akamwaga vipande kwa meza, polepole.

"Kamande ameandika kwamba hii ndio hiyo. Yenye ulimuuzia."

Akeyo akapangusa mikono kwa leso. Akachukua kipande moja, akakipeleka mlangoni kwa mwangaza. Akachukua ya pili. Wakati alirudi hakuwa anaangalia Inspekta machoni.

"Hii si yangu."

"Una hakika?"

"Yangu iko na miguu. Hii ilikuwa ringi nzima, ona vile imepinda. Lining ni ya kahawia, ya kubandikwa. Na hizi riviti, hapana. Za kiwanda zinafanana kama watoto wa shule na uniform. Hizi kila moja imelala upande wake. Hizi zimepigwa na mkono ya mtu."

"Na klachi imebandikwa hivyo ni mbaya?"

"Nani amesema mbaya? Kwa lori itakaa mpaka uchoke. Lori inazunguka polepole. Injini ya Abby ilikuwa inazunguka mara tatu ya hiyo, na springi laini zinaiwacha iteleze, ishike moto. Funga jiwe kwa kamba, zungusha pole, inakaa. Sasa zungusha kama mwendawazimu."

Akaonyesha vile vipande na kidole.

"Akeyo. Nakuru hapa ni nani bado anapiga riviti na mkono?"

"Walikuwa wengi."

"Saa hii."

"Afande," Akeyo akasema, na macho yalikuwa yamejaa, "si ununue hata wiper uende."

Kwa gari Chepchirchir akawasha injini akakaa tu. Kama maneno ya Kamande ni ya ukweli, basi kwa gereji yake kunafaa kuwa na klachi ya Mzee Hiram imelala mahali, nzima, na ile ya Akeyo imepasuka. Kama ni uwongo, atapata kinyume. Kitu rahisi hivyo, na hakuna mtu wa polisi alikuwa ameenda kuangalia, kwa sababu mtu akikubali makosa nani tena anatafuta? Hata yeye.

Gereji ya Kamande, Free Area, ilikuwa bado imefungwa na utepe wa polisi. Ndani ilikuwa na kimya ya kanisa siku ya Jumatatu. Alitafuta chini ya meza, nyuma ya matairi, ndani ya pipa la vyuma zenye zinangoja mtu wa skrepu. Klachi ya mzee hakuna. Kwa kona kulikuwa na kabati ya chuma, stika ya moyo mlangoni, imeandikwa na marker: ABBY. KAMANDE USIGUZE.

Kufuli ilikuwa nzima. Funguo yake ilikuwa kwa rundo lenye hospitali ilimpa, pamoja na saa ya Abby na hereni moja.

Akafungua. Overoli. Glavu. Chupa ya dawa ya kupaka goti, imeisha nusu. Na chini kabisa, kitu kizito imefungwa kwa T-shati. Alijua ni nini kabla afungue. Miguu sita, rangi ya shaba, imetumika kidogo tu. Kando yake kava ngumu, na pakiti ya bolti mpya, bado ziko kwa plastiki.

Hapo ndio Inspekta alikaa chini kwa sakafu ya gereji na uniform yake safi.

Kamande hakuwa na funguo ya hii kabati. Kwa hivyo klachi ya duka iliwekwa hapa na Abby mwenyewe. Na mtu hanunui bolti mpya za kitu ametupa. Abby alikuwa anapanga kuirudisha. Aliitoa kwa gari akijua, na akajua itarudi.

Kwa kituo wakamletea Kamande kwa chumba ya mahojiano. Kijana mrefu, kucha nyeusi, macho ya mtu hajalala. Chepchirchir akaweka kipande moja tu kwa meza, cha lining na riviti mbili.

Kamande akakitazama. Mkono ukatoka wenyewe, ukakigeuza, riviti zikaangalia chini.

"Mbona umekigeuza?"

"Basi tu."

"Kamande, nimetoka kwa Akeyo. Nimetoka kwa gereji yako. Nimefungua kabati."

Kijana akafunga macho.

"Kesho utaambia jaji nini?"

"Vile niliandika. Nilitoa ya mzee nikaweka ya duka. Andika hivyo, mathe, tafadhali. Si nimekubali? Kwani polisi siku hizi mnakataa mtu akikubali?"

"Nikikubali uwongo leo, mtu wa kesho atakuja na ingine. Geuza hiyo kitu."

Haikugeuzwa. Inspekta akaigeuza mwenyewe. Akainamisha kichwa karibu, na saa hiyo ndio akaona: kwa kichwa ya kila riviti, alama ndogo kama mstari umekatwa na patasi. Akasikia tena ile *tek*.

"Anaweka hiyo kwa kila riviti," Kamande akasema chini chini. "Ndio ikirudi ajue ni yake, asibishane na mteja. Nimemshikia hizo riviti miaka yangu yote nikiwa kwake."

"Nani alichagua iwekwe kwa gari?"

"Abby." Pua zikaanza kujaa. "Nilimwambia mzee si ya track, akanionyesha msumari. Nikamwambia Abby, tafadhali, hii itatupasukia. Akaniambia, 'Kamaa, ni Jumamosi moja tu. Mzee hajawahi kuja kuniona nikiendesha. Hata siku moja. Sasa anakuja, kwa sababu ni kazi yake iko ndani. Macho yake imeisha, wateja wameisha, kila mtu ananunua mpya. Wacha asimame hapo akiwa na furaha. Jumatatu tunarudisha ile ngumu na hatajua.'"

"Na ukafunga."

"Nikafunga. Lakini aliniahidi hatakanyaga. Na hakuwa anakanyaga! Uliza mtu yeyote alikuwa Rongai. Alikuwa anazunguka pole mpaka watu wanamcheka, wanamuuliza kama amebeba mayai." Akapangusa uso na bega. "Halafu akapita mbele ya mzee. Na mzee akavua kofia akampungia. Akiruka hivi, mzee mzima. Akaanza kuita, 'Ni klachi yangu hiyo! Ni klachi yangu!' Abby akamuona."

"Akakanyaga."

"Akakanyaga."

Nje mtu alikuwa anabishana na askari wa zamu juu ya pikipiki.

"Unajua utafungwa?" Inspekta akauliza.

"Nikienda jela, nitatoka. Mzee akijua, yeye hatatoka." Akamwangalia, na ilikuwa macho ya mtoto. "Aki madam. Huyo mzee amebaki na mkono yake na hiyo msumari tu. Wacha anichukie. Mimi naweza beba."

"Na Abby? Umeandika hapa eti hakujua kitu ilikuwa kwa gari yake. Yeye mwenye alijua kila bolti. Umemfanya mjinga, Kamande. Watamzika hivyo?"

Kijana akalala kwa meza na mikono juu ya kichwa. Chepchirchir akachukua ile karatasi ya maneno yake, akaikunja, akatoka nayo.

Mvua ilikuwa inaanza alipofika Bondeni mara ya pili. Kwa bahasha alikuwa na vipande zote, isipokuwa riviti moja yenye daktari alitoa kwa mguu wa Abby akampa kwa chupa kidogo. Hiyo aliifungia kwa gari. Hiyo hakuna mtu atamuonyesha.

Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Atakaa kwanza. Ataomba chai. Ataanza na Abby, mambo ya kumpenda baba yake.

Mzee Hiram akaona bahasha.

"Ni yenyewe hiyo? Yenye ilimuua?"

"Mzee, keti kwanza."

"Leta nione hiyo takataka ya Kamande."

"Keti, mzee wangu."

"Leta!"

Akampa. Angefanya nini? Mzee akaingiza mkono akatoa kipande kikubwa, karibu nusu ya ringi. Hakukipeleka kwa mwangaza. Siku hizi alikuwa anaona na kidole gumba. Gumba ikapita juu ya lining. Ikafika kwa riviti ya kwanza, ikapita, ikasimama, ikarudi.

Akagusa ya pili.

Akagusa ya tatu, na hapo akageuka akaangalia ukuta, lakini gumba haikutoka kwa riviti.

"Hizi ni zangu," akasema.

"Ndio, mzee."

"Kwa hivyo alifunga."

"Abby ndio alimwambia afunge. Kamande alimkataza, Abby akakataa. Alitaka uje uone kazi yako ikikimbia."

"Ile ya duka iko wapi?"

"Kwa kabati yake. Ameifunga vizuri kwa T-shati. Alikuwa anairudisha Jumatatu."

Mzee akageuza kile kipande mkononi. Mvua ikapiga mabati.

"Basi alijua si nzuri."

Chepchirchir alikuwa ameuliza wezi na wauaji maswali bila kupepesa. Sasa alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Alijua," akasema.

"Na hakuniambia."

"Hakutaka uumie."

"Mimi nilikuwa naficha eti goti yake nimeiona," Mzee Hiram akasema, "na yeye anaficha eti klachi yangu ameijua." Halafu uso ukabadilika. Mkono ukapanda polepole mpaka kwa kofia, ile ya pamba ya kahawia yenye havui hata kanisani. "Alikuwa anaendesha pole. Si ndio? Alikuwa anaenda pole pole mpaka nikamwonea aibu. Mpaka nikampungia."

Hakuwa anamuuliza Inspekta.

Akainuka. Goti zikalia. Akaenda kwa ukuta na kile kipande, akatafuta msumari na kidole, akakosa, kipande kikagonga mbao. Akatafuta tena. Chepchirchir akapiga hatua moja kumsaidia, akarudi nyuma. Hiyo kitu ilikuwa kielelezo cha polisi, na kitabu kinasema hairuhusiwi kutoka mkononi mwa afisa. Akawacha.

Mara ya tatu kikashika. Kikaning'inia hapo, cheusi, kimepinda.

"Imerudi," Mzee Hiram akasema.

Wakasimama wawili wakikiangalia, na mvua ikaongezeka, na kwa kibanda cha jirani mtu akaongeza redio kushinda mvua.

"Kamande amekula?" mzee akauliza.

"Tangu jana amekataa."

"Kwangu hukataanga pia akiwa amekosea. Lazima umshikie sahani." Akavua aprini, akaikunja, akaiweka juu ya chuma. "Hapa karibu kuna mama wa chapati. Twende tupitie hapo, halafu unipeleke kwake. Keshokutwa nataka abebe jeneza upande wa kichwa. Mimi sitaweza."

Akafika mlangoni akasimama. Akavua kofia, akaishika na mikono miwili akiiangalia, halafu akarudi akaiwacha kwa meza, kando ya nyundo. Akatoka kwa mvua kichwa wazi.